Upepo Kwenye Breki

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo... Haya, achia."

Fundi saa alikuwa amelala chali juu ya gunia, spana mkononi, macho kwenye gurudumu la nyuma. Ndani ya mpira mwembamba uliokuwa ukimwaga mafuta ya breki kwenye kopo, mapovu yalipita tena, moja baada ya jingine. Juu, kwenye kiti cha dereva, aliketi mkewe.

"Bado upepo," fundi saa alisema. "Unaingilia wapi jamani?"

Hii ilikuwa Jumamosi ya kumi na tano. Gari lenyewe lilikuja vipande vipande kwenye makasha, pamoja na kijitabu cha maelekezo, akaliunga kwa mikono yake katika banda la nyuma ya nyumba. Miaka arobaini alikuwa ametengeneza saa za watu, na hakikuwahi kumshinda kitu chenye skrubu. Breki ndizo zilizomtoa jasho. Alibadilisha mipira yote, akabadilisha pampu kuu, akang'oa hata ngoma za nyuma na kufunga diski mpya. Wapi! Pedali ilibaki laini vile vile, ukiikanyaga inazama mpaka sakafuni.

Lingekuwa gari la kutembelea tu, angeshaliuza kwa wanunua vyuma. Lakini siku ya harusi ya binti yake wa pekee aliahidi kumpeleka mwenyewe kwa gari hilo. Breki zikagoma, likaivaa nguzo ya geti, na bibi harusi akasimama saa mbili nzima mlangoni kwa shangazi yake, amejipamba, akimngoja baba. Jioni ile binti alimpigia simu.

"Baba, siku hilo dubwana lako litakaposhuka mteremko na kusimama mlangoni kwangu, ndipo nitakapokufungulia."

Tangu hapo hakupokea simu yake tena. Huu ulikuwa mwaka wa pili. Mtoto alikuwa mkaidi, na huo ukaidi hakuuokota barabarani.

Kutoa upepo kwenye breki si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hukanyaga na kushikilia, mwingine hufungua skrubu na kuifunga. Mkewe, ambaye hakuwahi kukubali hata kulifuta vumbi gari lile, alijitolea mwenyewe. Wiki aliyorudi kutoka kumuuguza dada yake, amekonda na sauti imemkauka, alikuja bandani akasema, "Mimi nitakukanyagia." Fundi saa alishukuru, hakuuliza mengi.

"Mwanao hajambo?" alimuuliza sasa kutoka chini ya gari, kama alivyouliza kila Jumamosi.

"Ametulia."

"Ananitaja?"

"Wewe fanya kazi, mzee. Na usijichoshe."

Daktari wa moyo alikuwa amemkataza vitu vitatu: chumvi, ngazi na mishtuko. Chumvi aliacha kwa shingo upande. Hayo mengine mkewe aliyalinda kama askari wa benki.

Kilichomvunja moyo zaidi ni Redio, jirani aliyepewa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na swichi ya kuzimia. Zamani angeegemea ukuta na kupiga kelele, "Fundi, hilo ni gari au banda jipya la kuku?" Siku hizi alileta kopo la mafuta ya breki, akauliza habari za moyo, akaondoka. Ukiona hata mwenye kukucheka ameanza kukuonea huruma, ujue umekwisha.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," fundi saa aliliambia gari, akipiga kofi bodi yake. "Sema unapoumwa!"

Mkewe alishuka, akachukua kikapu, akaenda sokoni.

Alipobaki peke yake, mzee alilia. Hakujificha; alilia kama mtu aliyeshindwa. Kisha akajifuta kwa tambara la grisi na kuita juu ya ukuta.

"Redio! Njoo unikanyagie mara ya mwisho, nijue moja."

Redio alisitasita. "Mama yupo?"

"Ameenda sokoni. Panda bwana, hakuumi."

Redio akakanyaga, akashikilia mpaka alipoambiwa aachie. Gurudumu la kwanza, mapovu machache, kisha mafuta matupu. La pili hivyo hivyo. Walipomaliza la nne, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Wakalisukuma gari hadi kwenye mteremko mdogo nje ya geti, fundi saa akagusa breki, likaganda palepale. Alipiga kelele za furaha. Redio alitazama chini, akaenda zake bila kuaga.

Mkewe aliporudi alimkuta amevaa shati lililopigwa pasi, nywele kachana, injini inanguruma.

"Kumbe mchawi wa gari hili ni mguu wako!" alimwambia, akicheka mpaka akakohoa. "Ulikuwa unaachia kabla sijafunga skrubu, upepo unarudi ndani. Jumamosi kumi na tano, mke wangu!"

Mkewe hakucheka. Aliweka kikapu chini, akafungua mlango, akaketi kando yake. Akatoa kichupa cha vidonge kwenye mkoba.

"Meza dawa yako kwanza."

Akameza. "Haya, mama. Leo atatufungulia, apende asipende."

Mkewe alimshika mkono uliokuwa kwenye usukani.

"Ukimaliza mteremko usikate kona ya kwake," alisema. "Nyoosha mpaka makaburini. Nitakuonyesha alipolala."