K Huwa G

Kwa miaka sita kaka na dada yake walikuwa wakibuni lugha yao wenyewe kwa kuiga Kibretoni, lugha ya Bretagne huko Ufaransa. Kisha kiharusi kikampata kaka.

Siku aliyorudi mezani alijaribu kusoma neno lao lenye maana ya nyumba, "keren". Ulimi mzito ukatoa "geren". Alirudia mara nne, mate yakimchuruzika kidevuni, kisha akalifunga daftari lao la lugha.

"Dada, malizia mwenyewe."

Dada alilifungua, akaandika: *Neno letu la "yako" hutangulia; baada yake, K huwa G.*

"Unanionea huruma."

"Huruma ya nini, kaka? Wabretoni wanalainisha hivyo hivyo herufi ya kwanza ya neno tangu enzi za mababu. Sisi ndio tumechelewa."

Kaka aliukodolea macho mstari ule. Akalivuta daftari kwa mkono uliobaki mzima.

"Basi na P iwe B."