Nyumba ya Onchiri

"Usipite ukutani, mwanangu," Bitutu alisema. "Mlango uko huku."

Drusilla aliurudisha mguu. Alikuwa karibu kuivuka kamba ya mgomba iliyofungwa kwenye vigingi, chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu. Alizunguka hadi mahali palipoachwa wazi, akamweka sawa mtoto mgongoni, akaingia. Juu yake palikuwa na mawingu tu.

Nyumba yote ilikuwa kamba na nyasi. Bitutu aliipima kwa miguu yake mwenyewe, akiiga nyumba ya mzungu mmoja wa Sotik ambaye yeye aliwahi kumfulia nguo: ndefu, ya chini, vyumba vyote vimepangwa chini ya paa moja. Majirani wa Ekerenyo walikuja kuitazama wakaenda zao wakitikisa vichwa. Nyumba zao zilikuwa za mviringo.

"Hapa ni baraza. Utakaa ukichambua mboga na mvua isikupate. Hapa sebule. Meza itakuwa pale."

Alisema haraka, kama mchuuzi anayeona soko linavunjika.

Nje ya kamba, Omwenga, mwana wa mke mwenza wa Bitutu, alikuwa ameegemea plau. Ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kufungwa nira. Tangu Machogu, mume wa Bitutu, afariki, Omwenga alikuwa akilitaka shamba hili, na wazee walikuwa wametoa neno lao: kama nyumba ya Onchiri haitapata mke kabla ya mvua za kupanda, basi Omwenga alime. Harufu ya mvua ilikuwa tayari hewani. Wazee wangefika mchana huu. Wasichana wengine walikuwa wameletwa kabla ya Drusilla, wakatazama, wakaondoka bila kumaliza uji.

"Mama," Omwenga aliita kwa upole, "jana ng'ombe wangu alikula chumba cha wageni. Unisamehe."

Bitutu hakugeuka. Asubuhi ile alikuwa amefunga kamba mpya.

"Jiko liko ndani?" Drusilla aliuliza.

"Ndani. Moshi tutaupa njia yake. Hutakimbia na chungu kwenye matope."

Walipita jikoni wakaingia chumba cha mwisho. Bitutu alinyoosha mikono kuonyesha dirisha litakapokuwa, upande wa kuchomoza jua. Kisha akaishusha. Mwaka uliopita, vijana waliokwenda vitani Burma walipoteremka kwenye lori sokoni, kila mama mwenye mwana alikimbilia barabarani. Yeye alibaki shambani akipalilia wimbi.

"Onchiri hatakupiga," alisema. "Hatalewa. Hatakuletea mke mwenza."

"Najua, mama," Drusilla alisema, bila kutabasamu.

Naye alikuwa na lake. Kule Gesima baba yake hakumsemesha tangu mtoto azaliwe. Kijana aliyempa mimba aliikana mbele ya watu. Kanisani walimtoa kwenye kwaya. Sasa mzee mmoja wa Kenyenya, mwenye wajukuu wakubwa kuliko Drusilla, alikuwa ametuma watu kumposa, na alikuwa amesema wazi kwamba mtoto abaki alikozaliwa.

Drusilla alishika unyayo mdogo uliokuwa ukining'inia kiunoni mwake.

"Na huyu ataitwa wa nani?"

"Wa Onchiri. Ng'ombe wa mahari ya dada zake Onchiri wakishaingia bomani kwa baba yako, huyu ni wake, na wengine utakaowazaa ni wake. Hapa patakuwa pao."

"Watu watauliza."

"Waulize. Watakuwa wakiuliza na sisi tumekwisha kupanda."

Drusilla aliangalia mlango, ule uwazi baina ya vigingi viwili, kama aliyefikiria njia ya kurudi. Ndipo Bitutu akapiga magoti katikati ya chumba, mama mzima mbele ya msichana.

"Mwanangu, nikifa leo watanilaza popote, kisha walime juu yangu. Sina kingine cha kukuonyesha. Nyumba ndiyo hii."

Drusilla alijaribu kumwinua. Hakuinuka.

Wazee walipofika walimkuta hivyo. Mzee Okemwa, aliyewaongoza, alisimama nje ya kamba, na wenzake wakasimama nyuma yake. Hakuna aliyeivuka. Omwenga alikamata mikono ya plau.

"Binti," Okemwa alisema, "umekuja kwa nani?"

Mtoto alianza kulia. Drusilla alitoka chumbani kwa njia ya mlango, akapita sebuleni, akatoka nje kupitia barazani. Bitutu alifunika uso kwa viganja.

Kando ya njia Drusilla aliinama, akaokota jiwe. Akarudi nalo kwa mlango ule ule, akaliweka chini jikoni. Akaenda akaleta la pili. La tatu lilikuwa zito, akalibeba kwa mikono yote miwili huku mtoto akilia mgongoni. Akayasogeza mawe yakakaribiana, tayari kubeba chungu.

"Mimi ni mke wa Onchiri," alisema.

Omwenga alicheka peke yake. Okemwa alimgeukia Bitutu, aliyekuwa bado amepiga magoti.

"Nawe sema, kila mtu asikie. Onchiri ulimzaa lini?"

"Sikumzaa, mzee. Kila mimba niliiwekea jina hilo, na kila mara alikuja msichana."

Okemwa aliitikia kwa kichwa, kwa maana desturi ilimruhusu mama asiye na mwana kumwolea mke mwana ambaye hakuzaliwa, akamwambia Omwenga awafungue ng'ombe wake.