Kurasa za Marangi

Lalamiko jingine liliingia kabla chai haijapoa. Marangi akalisoma akacheka puani.

"Tafadhali turudishie ukurasa wa juzi," mwanachama mmoja alikuwa ameandika. "Ule ulikuwa unasema. Huu wako uko kimya."

"Ukurasa unasema tangu lini?" Marangi alimuuliza mkewe, aliyekuwa akikunja nguo pembeni. "Hawa ndio watu niliopewa niwahudumie."

Watu wenyewe walikuwa chama cha wapokea simu wa maofisini, wale ambao maisha yao yote yameishia kwenye "subiri nikuunganishe". Walikuwa na jukwaa lao la barua pepe: mmoja akiandika, wote wanapata, na barua za nyuma zinakaa kwenye tovuti. Programu ya jukwaa ilipopandishwa toleo jipya, mapambo ya zamani yote yalifutika. Zikabaki kurasa tupu, nyeupe pee, maandishi meusi, kila kitufe kimeandikwa jina lake kama mkebe wa dukani. Mtu mwingine angeziacha hivyo hivyo. Marangi, ambaye jina hilo alipewa na wafanyakazi wenzake wala si kwa kumsifu, aliziona ni aibu tupu.

Basi akaivamia HTML, lugha inayojenga kurasa za tovuti, kwa mikono miwili. Kichwa cha ukurasa akakigeuza picha. Nyuma akamwaga zambarau inayofifia kuelekea dhahabu. Maneno "Jibu", "Jiunge" na "Jitoe" akayafuta, maana kuandikiana kila kitu ni ushamba, akaweka michoro mahali pake: njiwa, mlango ulio wazi, mlango uliofungwa.

Mkewe alikuja akachungulia begani kwake. "Pamependeza. Sasa mtu akitaka kujibu?"

"Anabofya njiwa."

"Atajuaje?"

"Ataona tu. Hata mtoto ataona."

"Ungewauliza wenyewe kwanza, baba watoto."

"Daktari hamuulizi mgonjwa ampe dawa gani."

Mkewe alirudi kwenye nguo zake, lakini roho haikutulia. Kazi hii ilikuwa ya majaribio; mkutano mkuu wa chama ndio ungeamua kama mumewe anapewa moja kwa moja. Na yeye, kwa mbwembwe zake, alikuwa ameshaacha kazi ya kwanza, tena kwa kumwambia bosi mbele za watu kwamba kipaji chake kinaozea pale. Hapa pakishindikana, ni kurudi kule kupiga magoti, na bosi mwenyewe si mtu wa kusahau.

Mchana katibu wa chama akapiga simu. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya kumtuliza hata mwenye ugomvi wake.

"Mwanangu, watu wanashindwa kusoma. Nahisi hukuelezwa vizuri. Wanachama wetu, ujue..."

"Najua, mama. Ni watu wazima, mabadiliko yanawatisha."

"Si hilo. Tangu siku ya kwanza nataka kukwambia kwamba..."

"Mama, niachie mimi. Nitakuja mkutanoni mwenyewe, niwaonyeshe ukutani, pakubwa. Wakishaona, maneno yataisha."

"Haya, baba," katibu akasema. "Njoo uwaonyeshe."

Marangi alikata simu akasonya. Asiyejua maana haambiwi maana, alimwambia mkewe, akaendelea kupamba. Herufi za kichwa akazifanya zimetemete. Njiwa akamfundisha kupiga mabawa.

Siku ya mkutano alifika ukumbini kabla ya watu wote. Akaunganisha projekta, akavuta mapazia mazito ya madirishani, akazima taa. Alitaka giza totoro, ili ukurasa uwapige ghafla hadi watubu. Kisha akajibanza nyuma ya pazia la jukwaa na kompyuta yake, akitabasamu peke yake.

Wanachama wakaanza kuingia. Alisikia salamu, vicheko, viti vikivutwa, na sakafu ikigongwagongwa kila upande. Hata viatu vyao ni vya enzi za mababu, akawaza. Ila kwa jambo moja aliwashukuru: hakuna aliyeuliza habari za taa. Waliingia gizani mle, wakaitana kwa majina, wakaketi kwenye safu zao bila fujo. Ndio faida ya watu waliozoea kuamriwa, alijisemea.

Mwenyekiti alifungua kikao, akasema fundi wa tovuti amekuja, apewe nafasi. Marangi akajitokeza. Hakupoteza muda kuwasalimu. Aligeukia ukuta, akabofya.

Zambarau ikaujaza ukuta mzima. Dhahabu ikateremka polepole. Njiwa akapiga mabawa, na Marangi mwenyewe akatikisa kichwa kwa uzuri ule. Akasubiri makofi, bado amewapa mgongo.

Hakusikia hata mguno.

Hasira zikampanda. Watu gani hawa, hata kushangaa lazima wafundishwe? Alikuwa anatafuta neno la kuwachoma nalo pale mwenyekiti aliposema, kwa upole wa mtu asiyetaka kumharakisha mgeni:

"Tunakusubiri, fundi. Umeshawasha? Mbona hatusikii kompyuta ikitusomea?"

Marangi akageuka. Mwanga wa ukurasa wake ulikuwa umewaangukia wote, tangu safu ya mbele hadi ya mwisho, kila uso umeelekea upande wake, na juu ya mapaja ya kila mmoja imelala fimbo nyeupe.