Makofi ya Sorcha

Tangu bomu la watu wa ng'ambo ya ukuta uliougawa mji limuue mume wa Sorcha baani, mtaa mzima ulikuwa ukija ukumbini kumsikiliza yeye tu. Eithne, aliyemzidi kupiga fidla tangu utotoni, sasa alipiga mwanzoni, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Jumapili hiyo Sorcha alipiga wimbo wa maziko. Alikosea vibaya katikati, na Eithne, aliyesimama pembeni ya jukwaa, alisikia kila kosa. Hata hivyo ukumbi wote ulisimama kumpigia makofi, wanaume wakifuta machozi kwa kofia. Eithne akaona wivu. Likamjia wazo lililomtisha: angekuwa yeye aliyefiwa, makofi hayo yangekuwa yake.

Katika chumba cha nyuma, Sorcha aliketi na fidla mapajani.

"Nimeharibu pale katikati," alisema. "Umesikia?"

"Hakuna aliyesikia," Eithne akajibu.

"Wewe umesikia. Wengine siku hizi hawanisikilizi, wananionea huruma tu."

Mlango ukafunguliwa. Declan, mume wa Eithne, akachungulia, koti lake limelowa mvua.

"Twende, Eithne. Wanajeshi wanafunga barabara."

Sorcha akainua macho, akamtazama Declan kuanzia nywele zilizolowa hadi viatu vyenye tope, bila haraka wala aibu. Eithne aliutambua wivu ule mara moja, kwa kuwa alikuwa ametoka kuuonja.

Akamwendea mumewe, akaanza kumfunga vifungo vya koti.