Mdomo wa Jiko

Fundi Shomvi alishika tupa. "Kitako nimebadilisha, dada. Sasa nilainishe huu mdomo, jiko liwe jipya."

Mdomo ulikuwa na mapengo yaliyochimbwa na vyuma vya mishikaki vya marehemu mama yake Mwanahawa. Tangu msiba, wateja walihamia kibanda cha jirani, na leo Mwanahawa alitaka kuwarudisha.

Mwanahawa, ambaye watu humwinamia ndipo wamsikie, alisema, "Mdomo usiuguse."

"Kumbe nawe unao!" fundi akacheka.

Jioni Mwanahawa akawasha mkaa. Kila mshikaki ukakaa kwenye pengo lake bila kubingirika. Moshi ukavuka barabara.

"Jamani, Mama karudi?" mtu akauliza kule kwa jirani.

"Karibuni!" Mwanahawa akapaza sauti, akipepea.

Benchi likaanza kuburutwa kuelekea kwake.