Mikono ya Wenzake

Kiwandani walionywa kwamba atakayekosa siku ya kujenga umoja asirudi tena kazini. Kwa hiyo Tunu alikuja, ingawa mwanawe Jaha alikuwa hajaonekana tangu juzi na majirani walikuwa wamekwisha kukata tamaa.

Uwanjani, mkufunzi aliwapanga wafanyakazi wenzake Tunu nyuma yake, mikono mbele.

“Fumba macho, dada, ujiachie. Watakudaka.”

Tunu akajiachia. Wakamdaka. Walipotaka kumsimamisha, aliing’ang’ania mikono yao.

“Msiniache,” alisema. “Mwanangu amepotea.”

Mkufunzi alidhani ni mzaha, akaita mwingine. Hakuna aliyesogea. Aliyemshika mabega alikuwa Kombo, fundi wa mashine, ambaye tangu agombane na Tunu hawakuwa wakisalimiana.

“Mara ya mwisho alionekana wapi?” Kombo aliuliza.

“Njia ya mtoni.”

Kombo alimketisha taratibu kwenye nyasi, akakunja suruali. Mkufunzi aliwaita warudi kwenye mstari, lakini walikwisha kuelekea mtoni, Tunu naye nyuma yao.

Muda mfupi baadaye jina la Jaha lilikuwa likiitwa kutoka kingo zote mbili za mto. Tunu, maji yakimfika magotini, aliinua mkono kuwanyamazisha wote, ili asikie kama kuna atakayeitika.