Wimbo wa Aliye Njiani

Kila Jumamosi mchana mume wa Havijawa, dereva wa lori la masafa marefu, alimtumia salamu redioni na wimbo ule ule wa mapenzi. Leo uvumilivu ulimwishia Havijawa, akapiga simu studio.

"Tukupigie wimbo gani, mama?" aliuliza mtangazaji.

"Wangu hamnao. Nauimba mwenyewe."

"Mwanangu, utatuaibisha!" alifoka mama mkwe, mjane wa baharia, aliyepakata redio.

Havijawa akaimba: "Baba yuko njiani, mtoto kaota jino. Baba yuko njiani, jino limeshang'oka."

Sauti yake ikasikika kutoka redio za majirani, madirishani. Mama mkwe akashika kitufe cha redio. Havijawa akamkazia macho, akaingia ubeti wa pili.

Mama mkwe akaongeza sauti ya redio, mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.